Kibodi, Mkono na Lugha: Historia Fupi na Mapendekezo ya Istilahi

1. Makusudio ya Makala

Katika kazi ya kuunda istilahi, aghalabu jina huchelewa. Kitu hutangulia kufika, kikiwa kimekwisha kupewa jina huko kilikotoka, nasi hukipokea pamoja na jina lake, kisha ndipo tunapoketi kutafuta neno. Makala haya yanahusu kitu kimoja kinachoguswa kila siku na mfasiri, mwalimu na karani, yaani ubao wa herufi ambao sasa wengi huuita kibodi. Tutaangalia hasa aina yake iliyoenea katika miaka ya karibuni: kibodi ndogo iliyogawika sehemu mbili, moja kwa kila mkono, ambayo mara nyingi hujengwa na mtumiaji mwenyewe.

Hoja ya makala ni hii. Tahajia ya Kiswahili ilijadiliwa katika mikutano na kusanifiwa na kamati. Mpangilio wa herufi hizo chini ya vidole haukujadiliwa hata siku moja. Ulipokewa kama ulivyokuja, ukiwa umekadiriwa kwa lugha nyingine. Kibodi za kujijengea zimeufanya mpangilio huo kuwa jambo ambalo msemaji wa Kiswahili aweza kuliamua mwenyewe. Kwa sababu hiyo yafaa tuijue historia yake, na yafaa tuwe na maneno ya kuizungumzia.

Ili maelezo yasielee hewani, tutachukua mfano wa jina moja la mahali: Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari ya Mkoani, Pemba. Msomaji ataona kuwa herufi tisa za jina hilo zatosha kutufunza mengi.

2. Ubao Tuliopokea

Christopher Latham Sholes na wenzake wawili, Carlos Glidden na Samuel Soule, walipata hataza ya mashine yao ya kuandikia nchini Marekani mwaka 1868. Mwaka 1873 kampuni ya Remington, iliyokuwa ikijulikana kwa kutengeneza bunduki, ilikubali kuiunda, na mwaka 1874 mashine ikaanza kuuzwa. Mpangilio wa herufi uitwao QWERTY, kwa kufuata herufi sita za mwanzo za safu ya juu, ulitulia katika muongo huo. Sababu zake zimebishaniwa. Wapo wasemao kuwa ulikusudiwa kuzuia vyuma vya herufi visigongane, na wapo wasemao kuwa uliathiriwa na kazi ya wapokeaji wa simu za maandishi. Iwavyo vyote, mambo mawili hayana ubishi: ulibuniwa kwa watu walioandika Kiingereza, na ulitangulia desturi ya kuandika kwa vidole kumi bila ya kutazama. Desturi hiyo ilipata umaarufu baada ya Frank McGurrin kushinda shindano la kasi huko Cincinnati mwaka 1888, mpangilio ukiwa umekwisha kukaa.

Hata namna safu zilivyokaa mshazari, kila moja ikiwa imesogea kidogo upande kuliko ya juu yake, ilitokana na fito za chuma zilizounganisha vitufe na herufi. Fito zilihitaji nafasi ya kupishana. Kompyuta hazina fito hizo, lakini safu zimebaki mshazari mpaka leo katika kibodi za kawaida. Huu ni mfano mzuri wa jambo linaloendelea baada ya sababu yake kufa, na wanaisimu hawatashindwa kukumbuka mifano kama huo katika lugha.

Mashine hizo zilipofika katika pwani yetu, Kiswahili kilikuwa na karne kadhaa za kuandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kilatini zilienezwa na wamisionari, shule na ofisi za utawala wa kigeni. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Tahajia iliyokubaliwa haikuhitaji alama yoyote juu au chini ya herufi, isipokuwa ritifaa katika sauti ya ng'. Faida yake ilikuwa kubwa: taipureta yoyote iliyoundwa kwa Kiingereza iliweza kuandika Kiswahili bila ya kubadilishwa hata chuma kimoja.

Gharama yake haikuonekana mara moja. Tofauti ambazo lahaja kadhaa za pwani huzishika, kama baina ya paa wa mwituni, kwa p yenye mpumuo, na paa la nyumba, kwa p isiyo na mpumuo, hazikupata alama katika tahajia sanifu. Wala hakuna aliyeuliza kama herufi zitumiwazo zaidi katika Kiswahili zimewekwa chini ya vidole vyenye nguvu zaidi.

Baada ya uhuru kazi ya kuandika Kiswahili iliongezeka mno. Mwaka 1967 serikali iliagiza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Nyaraka, sheria, mitihani na barua vikaandikwa kwa Kiswahili, vyote vikipita chini ya vidole vya wapiga taipu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila ya kibali maalumu, na masharti hayo yalikuja kulegezwa baadaye sana. Hivyo taipureta iliishi maisha marefu katika ofisi zetu. Kompyuta zilipoenea, zilikuja na mpangilio ule ule wa QWERTY. Mashine ilibadilika, ubao haukubadilika.

3. Herufi A na Kidole Kidogo

Katika mpangilio wa QWERTY, herufi A iko katika safu ya kati, chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kwa watu wengi hicho ndicho kidole dhaifu kuliko vyote. Katika Kiingereza jambo hili huvumilika, kwa kuwa herufi itumiwayo zaidi katika lugha hiyo ni E, iliyo chini ya kidole cha kati. Katika Kiswahili itumiwayo zaidi ni A, kwa mbali. Irabu hiyo imo katika viambishi wa-, ya-, ka-, na-, ta- na ha-, na ndiyo inayomaliza vitenzi vyetu vingi.

Tupime kwa methali inayowahusu sana wapiga taipu: haraka haraka haina baraka. Ina herufi 23. Kati ya hizo, 11 ni A. Tukijumlisha na R tatu na B moja, mkono wa kushoto umepiga mara 15, na mkono wa kulia, wenye H, K, I na N, umepiga mara 8 tu. Yaani karibu nusu ya kazi yote imefanywa na kidole kimoja, nacho ndicho kidogo kuliko vyote. Wakati huo huo kidole kidogo cha mkono wa kulia kimetulia juu ya nukta-mkato, alama ambayo mwandishi aweza kumaliza ukurasa asiihitaji.

Sasa tulipige jina la Makoongwe. M ni ya mkono wa kulia. A ni ya kushoto, kwa kidole kidogo. K, O, O na N ni za kulia, mfululizo wa mapigo manne. Kisha G, W na E ni za kushoto, mfululizo wa matatu. Mikono haipokezani, mmoja husubiri huku mwingine ukifanya kazi. Nalo ni jambo la ajabu katika lugha kama yetu, ambayo silabi zake nyingi ni konsonanti ikifuatwa na irabu. Kama irabu zote zingekaa upande mmoja na konsonanti nyingi upande wa pili, mikono ingepokezana kama watu wawili watwangao kinu kimoja.

Wazo la kutenga irabu si geni. August Dvorak na William Dealey walipata hataza ya mpangilio wao nchini Marekani mwaka 1936, nao waliziweka irabu zote tano katika safu ya kati ya mkono wa kushoto. Lakini hata wao, wakipima kwa Kiingereza, waliiweka A chini ya kidole kidogo. Mswahili anayehamia mpangilio wa Dvorak hupata kupokezana kwa mikono, lakini kidole chake kidogo hakipati nafuu.

Kuna na suala la nafasi zisizotumika. Herufi Q na X hazimo katika alfabeti ya Kiswahili sanifu, na C haisimami peke yake, huandamana na H. Ritifaa, ambayo twaihitaji katika ng'ombe na ng'ambo, imewekwa pembeni kabisa kulia. Ndiyo kusema kwamba ubao una vyumba viwili vya wageni wasiofika, na mwenyeji mmoja analala ukumbini.

4. Jinsi Ubao Ulivyogawanywa

Ubao ulionyooka huwalazimisha wanadamu kufanya mambo mawili yasiyo ya kawaida ya mwili: kuvigeuza vifundo vya mikono vielekee nje, na kuvilaza viganja vitazame chini kabisa. Jambo hili lilitambuliwa mapema. Heidner alipata hataza ya ubao wa taipureta uliogawika mwaka 1915. Mwaka 1926 Mjerumani E. A. Klockenberg alichapisha kitabu kuhusu taipureta na matumizi yake, akapendekeza ubao ugawanywe na pande zake ziinamishwe. Mtafiti Karl Kroemer aliufanyia majaribio ubao wa namna hiyo, na taarifa yake ya mwaka 1972 ilijulikana sana.

Nchini Uingereza, mwaka 1977, Lillian Malt, aliyekuwa mkufunzi wa wapiga taipu, na mhandisi Stephen Hobday waliitoa kibodi yao ya Maltron. Vitufe vilipangwa katika mabonde mawili, na vidole gumba, ambavyo kwa karne nzima vilikuwa na kazi ya kuacha nafasi tu, vilipewa vitufe vyao. Katika mpangilio wao wenyewe, Malt na Hobday waliiweka herufi E chini ya kidole gumba cha kushoto. Msomaji ataona mara moja funzo lililomo: walichukua herufi iliyobeba mzigo mkubwa zaidi katika lugha yao, wakaipa kidole chenye nguvu zaidi. Kwa mantiki hiyo hiyo, herufi ya Kiswahili ya kupewa kidole gumba ni A.

Microsoft ilipoanza kuuza kibodi yake iliyogawika mwaka 1994, wazo hilo liliwafikia watu wengi madukani, ingawa pande zake mbili zilibaki katika mwili mmoja. Katika miaka ya 2010 likaja jambo jipya: michoro iliyowekwa wazi ili mtu yeyote ajijengee. ErgoDox ilikuwa na vitufe 76 au 80 katika pande mbili zilizoachana kabisa. Corne, mchoro uliotoka Japani, ina vitufe 42 tu, yaani 21 kila upande. Nyingine zina 36 au 34. Kibodi ya kawaida ya mezani ina zaidi ya 100.

5. Kujenga na Kuzoea

Mtu huuliza: vitufe 42 vitawezaje kufanya kazi ya 104? Jibu lake ni la zamani. Remington ya pili, ya mwaka 1878, ilikuwa na kitufe kilichofanya herufi ile ile itoke kubwa au ndogo. Kibodi ndogo zimeliendeleza wazo hilo hilo: kidole gumba kikishikilia kitufe fulani, herufi zote hugeuka kuwa tarakimu, kikishikilia kingine, huwa alama za uandishi. Kila hali ya namna hiyo twaweza kuiita tabaka. Vidole havisafiri kwenda kwa kitufe. Kitufe ndicho kinachokuja chini ya kidole.

Ujenzi wenyewe si mgumu kwa mwenye subira. Kila upande una ubao wa saketi, swichi moja kwa kila kitufe, na dayodi moja kwa kila swichi, ili vitufe kadhaa vikibonyezwa pamoja mashine isidanganyike. Kisha kuna kidhibiti kidogo, ambacho ndicho akili ya kibodi. Viungo hulehemiwa, na pande mbili huunganishwa kwa waya. Aghalabu waya huo ni wa aina itumiwayo kwa vipokea sauti, na hapo pana onyo: usichomolewe wala kuchomekwa umeme ukiwa unapita, kwa kuwa ncha zake hugusana njiani na huweza kuunguza kidhibiti. Programu inayoongoza vitufe, kama ile ya QMK, ni ya wazi na haiuzwi. Kwa programu hiyo kitufe kimoja chaweza kutoa herufi zaidi ya moja: pigo moja likatoa ch, au ng' pamoja na ritifaa yake.

Mwalimu wa Makoongwe atakayeagiza viungo hivyo atavipokea Mkoani na kuvuka navyo kwa chombo. Lakini akishavilehemu, mpangilio wa herufi ni wake. Aweza kuiweka A chini ya kidole gumba, akaondoa Q na X katika tabaka la kwanza, akaipa ritifaa mahali pa heshima. Hahitaji ruhusa ya kiwanda chochote.

Kuzoea huchukua wiki, na siku za kwanza huvunja moyo. Kasi hushuka. Herufi B huwa kikwazo cha wengi: katika kibodi ya kawaida iko katikati, na wapo waipigao kwa mkono wa kulia bila ya kujua, katika kibodi iliyogawika hukuta imebaki upande wa kushoto, na kidole cha kulia kinapiga hewa. Y huwasumbua hivyo hivyo wale waliozoea kuipiga kwa kushoto. Asiyejua alikuwa akipigaje jina la Pemba atajua siku hiyo.

Hapana budi kusema pia mipaka yake. Kwamba kibodi hizi hunyoosha kifundo cha mkono ni jambo lililopimwa. Kwamba huponya maumivu si jambo la kumwahidi mtu. Mwenye maumivu yasiyokoma na amwone tabibu. Isitoshe, karani anayetumia kompyuta ya ofisi pamoja na wenzake atalazimika kuwa na mazoea mawili, la nyumbani na la kazini. Na kadiri vitufe vinavyopungua ndivyo ritifaa inavyosukumwa katika tabaka la pili, mpaka mwandishi mvivu akaandika ngombe. Ubao uliopangwa na asiyejua lugha yetu utazidi kuipunja. Ndiyo sababu mpangilio ni suala la lugha, na si la mafundi peke yao.

6. Mapendekezo ya Istilahi

Kwa ubao wenyewe tunayo maneno matatu. Kibodi limetoholewa na limeenea. Baobonye limeundwa kwa maneno ya Kiswahili, bao na bonyeza. Kicharazio latokana na kucharaza, kitenzi kitumiwacho kwa wapigao vinanda, nalo lina uhai wa aina yake. Katika makala haya tumetumia kibodi kwa sababu ya kuenea kwake. Jambo la kuepuka ni kuyatumia yote matatu katika kitabu kimoja. Hapo nyuma, kupiga chapa kulikuwa na maana mbili, ya mpiga taipu na ya kiwanda cha uchapaji, na ndipo kupiga taipu kulipohitajika ili kutenganisha karani na Mpigachapa wa Serikali. Istilahi moja kwa dhana moja ni kanuni iliyotokana na shida kama hizo.

Kwa kibodi yenye pande mbili, wengine wangesema kibodi iliyogawika. Neno hilo laeleza historia yake, lakini msikilizaji hudhani kitu kimevunjika. Wengine wangesema kibodi pacha. Lakini pacha hufanana, na kila mmoja huweza kuishi peke yake. Pande hizi hazifanani, na mmoja bila ya mwenziwe haufai. Neno lifaalo ni lile tulitumialo kwa makubadhi: jozi. Kubadhi la kushoto si la kulia, na mwenye moja hana kitu. Twapendekeza kibodi jozi.

Kwa hali za vitufe, tabaka latosha. Kwa mpangilio wa kwenda chini na wa kwenda kando, safuwima na safumlalo yamekwisha kuzoeleka katika programu za kompyuta. Safu ya kati, ambayo vidole hupumzika juu yake, isiitwe safu ya nyumbani kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Vidole havina nyumba. Vidole hutua, na mahali pa kutua ni tuo: tuseme safu ya tuo. Lehemu na kulehemu ni maneno ya mafundi wetu tangu zamani, wala hayahitaji mbadala.

Limebaki neno la taaluma yenyewe, ile inayochunguza ulinganifu wa chombo na mwili wa mfanyakazi. Jina lake la kimataifa liliundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya kazi na kanuni. Mpolandi Wojciech Jastrzębowski alilitumia mwaka 1857, na Hywel Murrell alilifufua Uingereza mwaka 1949. Kwa taaluma, ergonomia linafaa. Lakini kwa sifa ya chombo Kiswahili kina kitenzi chake: nguo iliyoshonwa kwa kipimo husemwa kuwa imemkaa mwenyewe. Kibodi nayo yaweza kumkaa au isimkae. Fundi wa vyombo alipima kwa wanda, shibiri, dhiraa na pima, vipimo vyote vya mwili wa mtu. Nafasi baina ya kitufe na kitufe katika kibodi ya kawaida ni milimita 19.05, yaani robo tatu ya inchi, takriban upana wa kidole, ambao wazee waliuita wanda. Dhana si ngeni kwetu; jina ndilo lililokuja kwa meli.

7. Hitimisho

Baraza la Kiswahili Zanzibar lilichapisha Kamusi la Lahaja ya Kipemba mwaka 2012, na kwa hilo maneno ya kisiwa kile yamepata hifadhi. Hifadhi ya maneno ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyaandika, nayo hufanywa kwa vidole, siku baada ya siku, na watu ambao majina yao hayatokei katika vitabu. Yafaa basi mabaraza yetu, pamoja na vyuo vinavyofundisha uandishi wa kompyuta, yapime matumizi ya herufi katika Kiswahili sanifu na katika lahaja, na kuupendekeza mpangilio mmoja ambao mjenzi wa kibodi jozi aweza kuanza nao. Si lazima ofisi zote ziufuate. Yatosha uwepo, uwe umefikiriwa kwa Kiswahili, na uwe na maneno yake, ili yule atakayeketi Makoongwe kulehemu kibodi yake asilazimike kuanza na mpangilio uliopangwa kwa lugha ya wengine.